Mto Kongo wa plastiki: upakwe rangi upya au ubomolewe?

Katika bustani ya burudani ya Magic Kingdom, jimbo la Florida, Marekani, kuna mashua iitwayo Rutshuru Ruby. Ndiyo, Rutshuru hii hii yetu: mto unaomwaga maji yake Ziwa Edward, na mji ulio kilomita kama 70 kaskazini mwa Goma. Wenzake wanaitwa Bomokandi Bertha, Sankuru Sadie, Mongala Millie, Kwango Kate na Congo Connie. Kutwa nzima mashua hizo huzunguka kwenye mfereji wa maji ya kina kifupi. Chini kuna reli inayoziongoza, na maji yametiwa rangi ya tope ili abiria asiione. Nahodha ana usukani mkononi, lakini usukani huo hauipeleki mashua popote. Kiboko wa plastiki anaibuka na kutikisa masikio, nahodha anatoa mzaha aliokaririshwa, watu wanacheka, mashua inaingia kwenye hekalu bovu lenye giza, inatokea upande wa pili. Dakika kama kumi hivi, Kongo imekwisha.

Huku kwetu Rutshuru ni maharage, mahindi na kahawa. Tangu 2022 ni pia maelfu ya watu walioshuka kwa miguu hadi Kanyaruchinya, magodoro kichwani na watoto mgongoni, wakikimbia vita. Simlaumu kijana wa Florida anayelipwa kwa saa kuendesha mashua yenye jina hilo. Pengine hata hajui kwamba ni jina la mahali. Lakini katika bustani kubwa za burudani za Marekani na Ulaya kuna ubishi uliopamba moto kwa miaka kama kumi sasa, na nadhani sisi wa Kivu tuna kiti katika ubishi huo ingawa hakuna aliyetualika. Ubishi wenyewe ni huu: michezo ya zamani iliyochakaa ikarabatiwe, au ibomolewe ijengwe mipya?

Michezo inayobishaniwa zaidi ni safari za gizani. Mtu analipa kiingilio, anaketi kwenye kigari au mashua, anapitishwa polepole ndani ya jengo lisilo na mwanga wa jua. Huko ndani taa, muziki, moshi na sanamu za mashine humsimulia hadithi: mizimu, maharamia, safari ya mwezini, msitu wa Afrika. Si michezo ya jana. Safari maarufu ya mwezini ya Frederic Thompson ilionyeshwa kwenye maonyesho ya Buffalo mwaka 1901, na mwaka uliofuata ikahamia Coney Island, New York. Mwaka huo huo wa 1901, bustani ya Kennywood katika jimbo la Pennsylvania ilifungua mfereji wa gizani uitwao Old Mill, na mashua zake zingali zikielea. Yaani mchezo huo ni mkubwa kwa umri kuliko mji wa Goma tunaoujua.

Uzee wa michezo hii si jambo gumu kulielewa kwa mtu anayeishi Goma, ambako gari hufa na kufufuka mara nyingi kabla halijazikwa. Piga hesabu: sanamu linaloinua mkono mara moja kila nusu dakika, bustani ikiwa wazi kwa saa kumi, huinua mkono huo mara 1,200 kwa siku. Ngozi yake ya mpira inapasuka kwenye kiwiko. Mafuta ya haidroliki yanavuja na kuchafua nguo. Fundi aliyejua waya upi unakwenda wapi amestaafu, na kiwanda kilichotengeneza vipuri kimefungwa. Na jengo lenyewe ni giza, limejaa mbao, vitambaa na rangi. Mnamo Juni 1979 moto ulizuka ndani ya garimoshi la mizimu la Luna Park, Sydney, Australia. Watoto sita na mtu mzima mmoja wakafa. Mchezo wa namna hiyo hauna mjadala. Kama njia ya kutokea haionekani na waya ni wa zamani za babu, ubomolewe leo.

Walio wengi katika wapenzi wa michezo hii hawabishani kuhusu moto, ila kuhusu utoto wao. Safari ya gizani haimzuii mtu kwa urefu wala umri. Bibi wa miaka 80 na mjukuu wa miaka miwili huketi kiti kimoja, wakaona kitu kimoja, jambo ambalo zile reli za kurusha watu angani haziwezi kuwapa. Ukiubomoa mchezo huo unawanyima watu mahali pekee ambapo vizazi vitatu vilikaa pamoja. Hoja hiyo naiheshimu. Kennywood yenyewe ilijifunza kwa gharama: mwaka 2004 ikauvisha ule mfereji wake mkongwe vitambaa vya Garfield, paka wa katuni, na ikauita jina jipya. Kufika 2020 paka alikuwa ameondolewa na jina la Old Mill limerudi mlangoni.

Lakini utoto wa nani? Hapo ndipo sisi tunaingia.

Anayetaka kuona mambo haya yote chini ya paa moja na aende Uholanzi, kwenye bustani ya Efteling iliyofunguliwa mwaka 1952 katika kijiji cha Kaatsheuvel. Mwaka 1984 walijenga safari ya gizani iitwayo Carnaval Festival, ambamo vigari hupita mbele ya vikaragosi vya watu wa dunia nzima wakicheza. Mwafrika wake alikuwa na mfupa puani. Mwaka 1988 wakaongeza mchezo wa kuzunguka ulioitwa Monsieur Cannibale: katikati sanamu la mpishi Mweusi, pua imetobolewa, na watoto wa Kizungu wameketi ndani ya vyungu wakizungushwa kama nyama inayosubiri kuiva. Wimbo wa Kifaransa wenye jina hilo ulipigwa tangu asubuhi hadi jioni. Na tangu 1978 kulikuwa na Spookslot, jumba la mizimu lililobuniwa na Ton van de Ven, lenye makaburi yanayocheza kwa muziki wa Camille Saint-Saëns. Hilo halikumtukana mtu yeyote. Kosa lake lilikuwa kuchakaa tu.

Sasa tazama yaliyotokea. Kwenye Carnaval Festival wale vikaragosi walitolewa mifupa na kuvalishwa upya mwaka 2020, njia ya vigari ikabaki ile ile. Monsieur Cannibale ilifungwa mwaka 2021. Mpishi akaondolewa, hadithi ikageuzwa kuwa ya Sindbad baharia, na Januari 2022 mchezo ukafunguliwa kwa jina la Sirocco, mashine ikiwa ile ile ikizunguka vile vile. Spookslot, ambayo haikuwa na dhambi, ilifungwa Septemba 2022 na kubomolewa hadi msingi. Mahali pake Oktoba 2024 likafunguliwa jumba jipya kabisa, Danse Macabre, lenye jukwaa linalobeba watu 108 kwa mara moja, na muziki wa Saint-Saëns ukarudishwa humo kwa heshima zote.

Kilichochoka kilibomolewa. Kilichotukana kilipakwa rangi.

Sisemi kwamba Waholanzi walikaa mezani wakaamua hivyo kwa makusudi. Naamini ni hesabu ya fedha. Mpishi wa plastiki ni rahisi kumwondoa. Mota na fremu ya chuma ni ghali, na kama bado ni nzima kwa nini itupwe? Mhasibu yeyote wa Goma angesema hivyo hivyo. Ila tujue basi kwamba neno "ukarabati", linapotamkwa kwa sauti ya majuto kwenye mikutano na waandishi wa habari, mara nyingi maana yake ni kwamba chuma kimesalimika. Kwa miaka 33 mtoto Mweusi aliyezaliwa Rotterdam alipelekwa na shule yake kuona babu yake akipika Wazungu. Hilo halikuhitaji mhandisi kugunduliwa.

Turudi kwenye mto wa plastiki, maana una ukoo, na ukoo huo unaanzia juu ya mlima tunaouona kila asubuhi mawingu yakituruhusu.

Mwishoni mwa 1893 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani, pwani ya Tanzania ya leo, na msafara wa wapagazi. Mwaka 1894 alipita Rwanda, akapanda Nyiragongo, akaliona Ziwa Kivu, kisha akakata msitu hadi Mto Kongo. Kwa Wazungu yeye ndiye "aliyeligundua" ziwa letu. Wavuvi wa kisiwa cha Idjwi hawakuwa na habari kwamba lilikuwa limepotea. Baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ni katika utawala wake vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Wajerumani walipounda meli kubwa ya Ziwa Tanganyika huko Papenburg mwaka 1913, waliipa jina lake. Ilivunjwavunjwa, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mapema 1915.

Waingereza wakajibu kwa kukokota mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kupitia Katanga hadi pwani ya Tanganyika. Kisa hicho C. S. Forester alikigeuza riwaya, The African Queen, mwaka 1935. John Huston akaigeuza filamu mwaka 1951. Sehemu yake ilipigwa Uganda, na sehemu yake katika Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki, mahali paitwapo Biondo. Humphrey Bogart alipanda mashua kwenye mto wa kwetu. Miaka minne baadaye, tarehe 17 Julai 1955, Disneyland ilifunguliwa California ikiwa na mchezo wa mashua msituni, Jungle Cruise, na mbunifu wake Harper Goff alikuwa amevutiwa na filamu hiyo. Mchezo huo ulipojengwa tena Florida mwaka 1971 ndipo Rutshuru ikapata mashua yake.

Kwa hiyo Mjerumani alipanda Nyiragongo, jina lake likapewa meli, meli ikazaa kitabu, kitabu kikazaa filamu, filamu ikazaa mto wa maji ya rangi. Katika mnyororo huo mrefu wote Mkongomani anaonekana akiwa amebeba mzigo.

Tena alibeba kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mchoraji Marc Davis aliombwa aongeze vichekesho kwenye Jungle Cruise. Akabuni tukio ambalo kwa miongo mingi lilipendwa kuliko yote: kifaru amewakimbiza watafiti hadi juu ya mlingoti. Mzungu ndiye aliye juu kabisa, salama, na kofia yake. Chini yake wapagazi Waafrika wameng'ang'ania mlingoti mmoja baada ya mwingine, na yule wa chini pembe ya kifaru inakaribia kumchoma. Palikuwa pia na wanakijiji wenye mikuki wakicheza ngoma, na mwishoni muuzaji wa vichwa vya binadamu aliyekuwa akitoa bei kwa abiria: viwili vyake kwa kimoja chako.

Tarehe 25 Januari 2021 Disney ilitangaza kwamba inaubadilisha mchezo. Uliporejea California Julai mwaka huo, muuzaji wa vichwa hakuwepo, ila duka lake la zawadi lilikuwepo. Wapagazi wa mlingotini walikuwa wameondolewa, na nafasi yao imeshikwa na abiria wa mashua iliyozama, watu wa rangi na nchi mbalimbali, wakihangaika sawasawa. Msimamizi wa safari sasa ni mwanamke wa kubuni aitwaye Alberta Falls. Mashua, reli na mzaha wa nahodha havikuguswa.

Nimeyatafakari sana mabadiliko hayo. Ni mazuri kuliko yaliyokuwepo, na mtu asiyeona hivyo nina shaka na macho yake. Lakini hebu tazama tena. Zamani Mwafrika alikuwepo na alidhihakiwa. Sasa hadhihakiwi kwa sababu hayupo. Kingo za Mto Kongo zimebaki na tembo, sokwe, kifaru na wasafiri wa kigeni. Kijiji kimehamishwa. Sisi tunaoishi jirani na hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, tunajua vizuri historia ya mandhari inayopendeza zaidi wenyeji wakishaondolewa.

Kuna mahali pengine ambapo ufutaji ulinigusa kwa namna tofauti. Splash Mountain, mchezo wa kuteleza majini uliofunguliwa California mwaka 1989, ulitokana na filamu ya 1946, Song of the South, ambayo ilionyesha mashamba ya Marekani Kusini kana kwamba Weusi waliishi humo kwa raha mustarehe. Filamu ni aibu hata kwa Disney wenyewe, ambao kwa miaka mingi sasa wameifungia kabatini. Mwaka 2023 Splash Mountain ilifungwa California na Florida, na mwaka 2024 mfereji ule ule ukafunguliwa na hadithi mpya ya Tiana, binti mfalme Mweusi wa katuni. Nilifurahi. Kisha nikakumbuka ni nani aliyekuwa shujaa wa mchezo ule wa zamani: sungura. Sungura mjanja aliyenaswa kwenye lami na kuponyoka kwa ulimi wake. Joel Chandler Harris alizichapa hadithi hizo mwaka 1880 baada ya kuzisikia kwa Weusi waliokuwa watumwa huko Georgia, na wao walizirithi kutoka kwa wazee waliovushwa bahari. Ni ndugu wa Sungura aliyenaswa kwa ulimbo kisimani, ambaye kila mtoto wa Afrika Mashariki anamjua. Mwizi alistahili kufukuzwa nyumbani, sawa, lakini mali iliyokuwa mfukoni mwake ilikuwa yetu. Aliyeamua kubadilisha hadithi angejua hilo, Sungura angeweza kubaki akasimuliwa na wenyewe.

Hapa ndipo ninapoachana na kambi zote mbili. Wanaosema "rekebisheni" wanajali mashine. Wanaosema "jengeni upya" wanajali mapya. Mimi sina ugomvi na mashine. Ile meli ya Götzen ni shahidi wangu. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakaisafisha, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la kale la wenyeji kwa ziwa lile. Miaka ya 1970 iliondolewa injini za mvuke ikawekewa dizeli. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, meli hiyo ilirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira. Bodi ni lile lile la Papenburg. Lakini hakuna aliyepanda akirudi kwao aliyejali kwamba aliwahi kubebwa na chombo cha gavana wa Maji Maji, kwa kuwa jina, kazi na abiria vyote vilikuwa vimebadilika. Huo ndio ukarabati ninaouelewa.

Swali langu basi ni dogo: nani ameshika kalamu? Na jibu bora nililoliona halikutoka kwenye bustani ya burudani. Limetoka kwenye jumba la makumbusho, ingawa zamani mambo hayo mawili hayakuwa mbalimbali. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili alileta Wakongomani 267 Ubelgiji, na huko Tervuren wakawekwa kwenye vijiji vya maonyesho ili watu wapite kuwatazama. Saba walikufa, makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa la Tervuren. Kwenye maonyesho ya Brussels ya 1958 kijiji cha Wakongomani kilijengwa tena, na watazamaji wakafikia kuwarushia ndizi juu ya uzio, mpaka mafundi waliokuwa humo wakafunga virago kabla ya maonyesho kwisha. Safari ya gizani yenye vikaragosi vya Waafrika ni mtoto wa vijiji hivyo. Tofauti ni kwamba plastiki haiugui kifua.

Makumbusho ya Tervuren yalifungwa mwishoni mwa 2013 kwa ukarabati, yakafunguliwa tena Desemba 2018. Ndani ya ukumbi wake mkuu kuna sanamu za dhahabu zinazoonyesha Ubelgiji ikimletea Mkongomani ustaarabu, na sheria ya urithi inakataza kuzing'oa. Hapo hapo pakawekwa kazi ya Aimé Mpane, mzaliwa wa Kinshasa: kichwa kikubwa cha mbao, kinachipua kama mmea, kinatazamana na sanamu zile bila kupepesa. Baadaye yeye na mwenzake Mbelgiji, Jean Pierre Müller, wakazifunika kwa vitambaa vyepesi vyenye picha, ili ukiangalia sanamu ya kale uione kupitia neno la leo. Na lile sanamu la Mtu-chui, mwenye makucha ya chuma juu ya mtu aliyelala, limeshushwa chumba cha chini pamoja na mengine yaliyoondolewa kazini. Jirani yake umetundikwa mchoro wa Chéri Samba wa 2002: Waafrika wanalivuta sanamu hilo kwa kamba walitoe nje ya makumbusho, Wazungu wanalivuta walibakize ndani, mkurugenzi amesimama ngazini anatazama. Samba alikuwa ameuchora ubishi huu wote miaka mingi kabla Disney hawajautangaza.

Tervuren haijamaliza deni lake, na Wakongomani wengi wa Brussels watakuambia hivyo kabla hujauliza. Lakini angalau kuna Mkongomani aliyepewa ukuta. Katika bustani za burudani hali bado ni ile ya kuitwa uonje chumvi wakati sufuria imeshashuka mekoni: mtaalamu wa utamaduni anaalikwa, anaonyeshwa michoro iliyokwisha, anaulizwa kama kuna kitu kinachoudhi, anashukuriwa.

Wakituuliza kweli, tuna la kuwapa. Goma hatuna bustani ya namna hiyo, na kwa hali ya mji huu sidhani tutakuwa nayo hivi karibuni, lakini watunzi wa hadithi tunao. Kuna Yolé!Africa, iliyolea watengenezaji filamu na wacheza ngoma. Kuna Foyer Culturel. Kuna vijana waliopanda jukwaa la tamasha la Amani tangu 2014. Mpe mmoja wao mashua ya Rutshuru Ruby na lile hekalu lake la giza, uone.

Mimi ningeanza na ziwa usiku. Wavuvi wa sambaza hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imetokeza mbele na nyuma kama pembe za panzi, taa zinaning'inia juu ya maji kuwaita samaki. Wapiga makasia huimba ili mikono ilingane. Ukiwa ufukweni husikii maneno, unasikia mwendo. Samaki wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna soko la Goma lisilonuka sambaza. Juu yao, kaskazini, anga jekundu la Nyiragongo. Kisha ningeipitisha mashua katika Januari 2002, lava ikikata mji katikati, ikiufunika uwanja wa ndege upande mmoja, ikiingia ziwani kwa mvuke. Na kona inayofuata watu wale wale wanavunja lava ile ile kwa nyundo wajenge kuta. Halafu chukudu, lile baiskeli la mbao, linateremka kutoka Kibumba na kabichi zilizopita kimo cha mwendeshaji, goti moja juu ya ubao, breki ni soli ya kandambili. Mahali pa mzaha papo, msiogope. Watu wa Goma wanachekesha kuliko nahodha yeyote wa Florida, na hawahitaji kifaru. Reli ile ile, maji yale yale, na abiria wangetoka wakijua kwamba Rutshuru ni mahali.

Hukumu yangu basi ni hii. Mchezo unaohatarisha maisha ubomolewe bila kulia. Mchezo uliochoka tu bila kumtukana mtu, kama ule mfereji wa Kennywood, uachwe uzeeke, watu wana haki na utoto wao. Mchezo uliotukana usipewe rangi mpya na mikono ile ile. Mashine ibaki kama ni nzima, kalamu ikabidhiwe kwa waliotukanwa, na kama mwenye bustani hataki kuikabidhi, basi aing'oe mashine nayo.

Na kuna moja ambalo halihitaji fundi, mchoraji wala kamati. Katika jiji la Tampa, Florida hiyo hiyo, ipo bustani ya Busch Gardens, iliyofunguliwa mwaka 1959, ambayo katika miaka ya 1970 ilijitangaza kwa jina la Bara la Giza. Jina hilo walishaliacha. Lakini ndani yake kuna mtaa uitwao Stanleyville, na mchezo wa magogo ya majini uitwao Stanley Falls Flume, uliofunguliwa mwaka 1973. Msomaji wa makala haya uliye Marekani, nawe upo, maana Wakongomani wa Kivu tumetapakaa huko kote: ukipeleka watoto hapo, pita kwenye dirisha la huduma kwa wageni kabla hujatoka. Waambie kwa adabu kwamba maporomoko yale yanaitwa Boyoma, na kwamba mji ule unaitwa Kisangani tangu 1966, miaka saba kabla hawajajenga mchezo wao.